Jirani amefunga mfumo wa kompyuta dukani. Je, nikope nami nifunge wangu?

"Habari mtaalamu. Nina duka la vifaa vya ujenzi huku Ruai, viungani mwa Nairobi, huu ni mwaka wa tisa. Nauza saruji, mabati, nondo, misumari, rangi na paipu. Mwaka jana, si mbali na kwangu, lilifunguliwa duka kubwa lenye kompyuta kwenye kaunta, mashine ya kusoma bidhaa na pikapu ya kuwapelekea wateja mzigo. Mauzo yangu yameshuka, na mafundi kadhaa niliowazoea siwaoni tena. Kuna kijana amekuja kuniuzia mfumo wa kompyuta kwa shilingi 420,000, kisha 8,000 kila mwezi. Anasema siku hizi biashara isiyo na mfumo itakufa, na kwamba nisipokuwa nao KRA, watu wa kodi, wataniandama. Mwanangu naye anataka tutengeneze programu yetu ya simu ili watu waagizie humo. Nina akiba kwenye sacco na naweza kukopa. Kwa sasa kila kitu naandika kwenye daftari, pamoja na madeni ya mafundi. Nifanye nini?"

Dada yangu, asante kwa kueleza kwa kirefu, maana hayo mambo madogo uliyoyataja yamenisaidia sana. Ninavyokuelewa, kinachokukosesha usingizi ni wateja wanaohama, na umeambiwa kuwa kinachowavuta ni ile mashine iliyo kwenye kaunta ya jirani. Basi unaona njia mbili tu: ukope ununue kama yeye, au ukae ukingoja kufunga duka. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba usikope kwa ajili ya mfumo huo, angalau mwaka huu. Wala usibaki ulivyo. Kuna kazi ya kufanya, na nyingi haihitaji mkopo.

Nianze na dhana kwamba mashine ndiyo inayoleta ushindi. Kitu ambacho kila mwenye pesa anaweza kukinunua hakimpi yeyote nafasi ya mbele kwa muda mrefu. Ukifunga mfumo leo, mwenye duka la tatu atafunga wa kwake baada ya Pasaka, na nyote watatu mtakuwa mnalipa 8,000 kila mwezi huku mkigombania wateja wale wale. Tazama historia ya M-Pesa. Safaricom waliianzisha Machi 2007. Mwaka 2009 Zain, kampuni ambayo baadaye ikawa Airtel, ilileta huduma ya Zap, nayo ikituma pesa kwa simu. Teknolojia mshindani aliipata. Alichoshindwa kukipata upesi ni mawakala waliotapakaa hadi vijijini, pamoja na ile hali ya kwamba mtu hujiunga na huduma ambayo mama yake na mwenye nyumba wake tayari wanaitumia. Mawakala hao hawakuruhusiwa kuwahudumia washindani hadi 2014, baada ya suala hilo kufikishwa kwa mamlaka ya ushindani. Siri ya ushindi ilikuwa katika mtandao wa watu na masharti yaliyouzunguka, ilhali programu yenyewe ingeweza kuigwa.

Sasa fikiria namba yako ya Lipa na M-Pesa. Haikupi faida yoyote juu ya jirani, kwa sababu hata kibanda cha chipsi kilicho mkabala nawe kinayo. Lakini ukiiondoa leo, kesho utaumia. Kuna teknolojia ya kukuwezesha kubaki sokoni, na kuna ile inayokutofautisha na wengine. Kijana anakuuzia ile ya kwanza kwa bei ya ile ya pili.

Tena mfumo hauokoi biashara yenye mpango mbovu. Nakumatt, ile kampuni ya supamaketi, ilikuwa na kompyuta kwenye kila kaunta na kadi ya kuwatuza wateja wake, na matawi hadi nchi jirani. Ilipanuka kwa madeni, ikashindwa kuwalipa waliokuwa wakiiletea bidhaa, na kufikia 2017 rafu zilikuwa tupu. Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Hakuna kompyuta inayoweza kujaza rafu ambayo msambazaji amekataa kuiletea mzigo.

Hilo la KRA lina ukweli ndani yake, ila umeelezwa kwa namna ya kukutisha. Tangu 2023 biashara zinatakiwa kutoa ankara za kielektroniki kupitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara, na kuanzia Januari 1, 2024, anayetaka gharama zake zikubaliwe anapokokotolewa kodi ya mapato anahitaji ankara hiyo, isipokuwa kwa mambo machache yaliyosamehewa. Lakini KRA wenyewe wana njia za kutoa ankara za eTIMS bila malipo, zikiwemo za kutumia simu. Huhitaji 420,000 ili kutii sheria. Angalia pia mauzo yako ya mwaka mzima: yakifika shilingi milioni 5 unatakiwa kusajiliwa kwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na duka la vifaa vya ujenzi hufika huko upesi kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa saruji na nondo huzungusha pesa nyingi hata kama faida yake ni nyembamba.

Na hapa kuna jambo wengi hawalioni. Mkandarasi mwenye kampuni, anayejenga ghorofa huko Ruai au Utawala, akinunua mzigo wa nusu milioni bila ankara ya eTIMS yenye PIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni yake, gharama hiyo inaweza kukataliwa na atozwe kodi juu yake. Mteja kama huyo humkimbilia muuzaji anayetoa ankara papo hapo bila kununa. Sharti la serikali unaloliona kama mzigo linaweza kukuletea wanunuzi wakubwa, ukilishika kabla ya wenzako wa rejareja.

Sasa tuje kwenye kazi ambayo teknolojia ya habari hufanya hasa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nawe daftari unalo, jambo ambalo si kila mwenye duka anaweza kujisifia. Tatizo la daftari ni kwamba linahifadhi mambo kwa mpangilio mmoja tu, wa tarehe. Ukitaka kujua rangi ipi haijaguswa tangu Krismasi, au ni nani unamdai kwa zaidi ya siku 60, itakubidi upekue kurasa usiku kucha. Habari zile zile zikiingizwa kwenye jedwali la kompyuta, unaziuliza swali na jibu linatoka. Faida ya kompyuta kwa duka lako ni hiyo: kuuliza maswali.

Kwa hiyo, maswali gani? La kwanza ni la mzigo uliolala. Tuseme una bidhaa za shilingi milioni 2.4 dukani na stoo, na kila mwezi unauza vitu vilivyokugharimu 600,000. Maana yake, kwa wastani, kila shilingi uliyonunulia mzigo inakaa miezi minne kabla ya kurudi mkononi. Lakini wastani unaficha mengi. Saruji hutoka kwa siku chache, nayo haifai kukaa, maana ikilala miezi mitatu kwenye unyevu hupoteza nguvu, hivyo iliyoingia kwanza lazima itoke kwanza. Kumbe pembeni kuna vigae vya rangi iliyopitwa na wakati na fitingi za saizi ambazo hakuna anayeziulizia. Ukigundua vitu hivyo vimekula 400,000, uviuze hata kwa hasara upate 300,000, utakuwa umepata mtaji wa kununua bidhaa zinazotoka, bila riba na bila mdhamini.

Swali la pili silo ambalo watu hulitarajia: ni vitu gani wateja waliulizia ukawa huna? Daftari lako linaandika kilichouzwa. Mashine ya jirani nayo inasoma kilichouzwa. Hakuna kati yenu anayeandika mauzo yaliyomponyoka. Fundi wa stima akija saa mbili asubuhi akakosa paipu za waya, atavuka barabara, na akishafika kule atanunua pia swichi, soketi na nyaya ambazo kwako zilikuwepo. Umepoteza orodha nzima kwa sababu ya kitu kimoja cha bei ndogo. Weka karatasi kwenye kaunta, na kila kinachoulizwa kikakosekana kiandikwe hapo hapo, kisha jioni kiingizwe kwenye jedwali. Ningekuwa na uwezo wa kukulazimisha ufanye jambo moja tu kati ya yote ninayoandika hapa, ningechagua hilo.

Swali la tatu linahusu wale mafundi waliopotea. Kabla ya kuilaumu kompyuta ya jirani, fungua ukurasa wa madeni: ni wangapi kati yao unawadai? Fundi mwenye deni lililochelewa huona haya kupita mbele ya duka lako, na pesa taslimu anayoipata leo huipeleka kwingine. Deni moja linakunyima pesa zako na mteja wako kwa pamoja. Andika kila deni na jina, tarehe, kiasi, siku aliyoahidi kulipa na ploti aliyokuwa akiijenga. Wapigie kwa upole wale wa zamani, wakubalie walipe kidogo kidogo, na uwaambie waziwazi kwamba wanakaribishwa kununua kwa pesa taslimu hata kabla deni halijaisha. Nadhani baadhi yao utawaona tena kabla ya mwezi kwisha.

Hayo yote yanakusaidia kuziba mianya. Kushindana ni jambo jingine, na hapo lazima uchague. Duka kubwa lina mtaji, hivyo linanunua kwa wingi na linaweza kukushinda kwa bei ya saruji mwaka mzima. Usipigane naye huko. Jiulize ni mteja gani ambaye yeye, kwa ukubwa wake, hawezi kumhudumia vizuri kama wewe.

Mimi naona mteja mmoja wazi kabisa kwa eneo lako. Ploti nyingi za huko ni za watu wanaoishi kwingine, Umoja, Donholm, hata ng'ambo, wanaojenga polepole kadiri pesa zinavyopatikana. Wanamtumia fundi pesa kwa simu na kuomba Mungu. Hofu yao kubwa ni kuambiwa mifuko kumi imenunuliwa huku saba tu ikiwa imefika. Mtu huyu hatafuti kaunta yenye mashine, maana haji dukani kabisa. Anatafuta mtu wa kumwamini.

Mfungulie kila mmoja wao akaunti ya ploti yake. Alipe moja kwa moja kwenye namba yako ya Lipa na M-Pesa. Mzigo ukishushwa, piga picha pale pale fundi akiwepo, umtumie mwenyewe kwa WhatsApp pamoja na ankara na salio lake. Kwenye jedwali weka hesabu inayoendelea: saruji mifuko kadhaa hadi leo, nondo kadhaa, jengo limefikia linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha. Baada ya miezi mitatu utakuwa na kumbukumbu ya nyumba yake ambayo yeye mwenyewe hana. Utajua kuwa linta ikiisha kinachofuata ni mbao na mabati, na utamtumia makadirio ya bei kabla hajauliza. Jirani, kwa mashine yake yote, anaona tu kwamba saruji mifuko 20 imetoka. Nani alinunua, kwa jengo lipi, na atahitaji nini mwezi ujao, hajui. Habari hizo ni zako, na kadiri zinavyojaa ndivyo inavyokuwa taabu kwa mteja kuhama. Kwa njia hiyo hiyo, miaka ya 1970, kampuni ya Marekani iliyoitwa American Hospital Supply ilijiimarisha kwa kuweka vifaa vya kuagizia ndani ya hospitali zenyewe: ilimpunguzia mnunuzi kazi, na mnunuzi akazoea.

Nikwambie pia gharama yake, maana ipo. Kuna mafundi ambao hawatapenda uwazi huo, hasa wale waliozoea kuongeza kidogo juu ya bei, na wachache utawapoteza. Ningekushauri umpe fundi kamisheni ndogo inayojulikana na mwenye nyumba, iandikwe kwenye ankara, ili kipato chake kisitegemee kuficha. Na kwa kuwa utahifadhi namba za watu na picha za nyumba zao, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: omba ridhaa yao, eleza unazitumia kwa kazi gani, na usiweke picha ya ujenzi wa mteja kwenye status bila ruhusa yake. Suala la pikapu ni jepesi. Patana na mwenye pikapu au tuktuk mmoja mnayeaminiana, mkiwa na bei iliyopangwa kwa kila eneo, na bei hiyo mteja aione mapema.

Kuhusu mwanao, mshukuru kwa kuona mbali, lakini programu ya simu isubiri. Mtu anayejenga nyumba moja atanunua kwako mwaka mmoja au miwili kisha basi. Hataki kupakua programu ya duka moja. WhatsApp tayari anayo, na ile ya biashara ina sehemu ya kuonyesha bidhaa na bei bila malipo. Kuwa na programu nzuri na mtaji mkubwa hakumhakikishii mtu soko. Copia, iliyokuwa ikiuza bidhaa mashinani kupitia mawakala tangu 2013, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024 ilipokosa pesa mpya za kuiendesha. Mpe kijana kazi yenye maana zaidi: aunde hayo majedwali, asimamie kuhesabu stoo kila mwisho wa mwezi, na apakue taarifa za malipo ya M-Pesa ili muone ni siku na saa zipi duka hujaa. Taarifa hizo unazo tangu zamani, ila hakuna aliyezisoma.

Sasa hesabu ya mkopo, uione kwa macho yako. Ukikopa 420,000 sacco kwa asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, kwa miezi 24, utalipa karibu 19,800 kila mwezi. Ongeza 8,000 za huduma, inakuwa karibu 28,000. Tuseme katika kila shilingi 100 unazouza, 12 ndizo zinazobaki baada ya kutoa bei ya mzigo. Basi mfumo huo lazima ukuletee mauzo ya ziada ya takriban 233,000 kila mwezi kwa miaka miwili, ndipo ujilipie tu, kabla hujapata senti. Mwulize kijana anayekuuzia mauzo hayo yatatoka wapi. Akikujibu kwamba utakuwa wa kisasa, mshukuru na umsindikize mlangoni.

Sisemi usinunue mfumo kamwe. Ukifungua tawi la pili, au ukiwa na wahudumu wawili watatu wanaoshika pesa, au majedwali yakishindwa kubeba wingi wa bidhaa, mfumo utakufaa, hasa katika kuzuia wizi wa ndani, ambao daftari haliukamati kirahisi. Wakati huo utakuwa umeshajua unataka mfumo ujibu maswali gani, na hutadanganyika kwa picha nzuri za kwenye skrini. Dai ujaribu mwezi mmoja kwa bidhaa zako mwenyewe. Hakikisha umeunganishwa na eTIMS na kwamba anayeuuza ameidhinishwa na KRA. Uliza ukiacha kulipa utatokaje na kumbukumbu zako, kwa maana wapo wanaozishikilia mteja akitaka kuhama. Uliza ukikatika umeme au intaneti Jumamosi saa nne asubuhi, duka litauza vipi, na nani atapokea simu.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaamua nikiwa mbali. Kama umewahi kupata barua ya KRA ukaiweka kando, au hujui kama umepita kiwango cha VAT, usingoje: tafuta mhasibu aliyesajiliwa na ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, au anza kwa kuuliza kwenye Huduma Centre ya Makadara. Kama mkihesabu stoo miezi miwili mfululizo na hesabu haikubaliani na mauzo, mlete mtu wa nje ahesabu nanyi, asiye wa familia. Na kama baada ya kuandika gharama zote, kodi ya nyumba, mishahara, usafiri na pesa unazochukua za nyumbani, bado hujui kama duka linapata faida, keti na mhasibu huyo kabla ya kugusa akiba ya sacco kwa sababu yoyote ile. Nenda na madaftari yote, hata yaliyochanika, pamoja na taarifa ya M-Pesa ya miezi 12.